Mizani Iliposhuka Nikapiga Makofi

Nyinyi mliobaki kwenye chumba kile cha lishe, kile kilichobanwa kati ya famasi na choo, mmenisumbua sana niwaandikie kitu. Haya, nimeketi. Nina miezi saba tangu nistaafu, mbuzi wangu watatu wamenizoea mpaka wananidharau, na kalamu ninayo. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, maana hakuna mgonjwa aliyewahi kupona kwa sababu ya cheo changu. Nitawaambia kuhusu vifaa, walionifundisha, na kosa moja nililolifanya kwa ujuzi mkubwa na mwandiko mzuri.

Siku yangu ya kwanza hapa Isiolo nilifika na viatu vya kisigino na cheti ndani ya bahasha. Nikapewa mizani, ubao wa kupimia urefu, utepe na daftari. Mizani nikaiweka juu ya zulia la plastiki, ili wagonjwa wasikanyage sakafu baridi. Kufikia saa nne nilikuwa nimepima watu kumi na mmoja, na wote, wazee kwa vijana, walikuwa wamekonda tangu mwezi uliotangulia. Nikaanza kuandika barua kwa mkubwa wetu kwamba kuna njaa mjini.

Sista Kanana, muuguzi wa kliniki ya kifua, mlango wa pili kutoka kwetu, alikuja kuazima kalamu, akaona ile barua. Alikuwa Mmeru mfupi asiye na haraka na chochote. Aliivuta mizani kwa mguu mpaka kwenye saruji, akapanda, akashuka, akairudisha kwenye zulia, akapanda tena. Kilo tatu zilikuwa zimepotelea kwenye zulia.

"Akiru," aliniambia, "hii mizani ni shahidi mmoja tu. Na huyu shahidi anadanganywa na zulia."

Barua niliichana. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa na mwalimu, nitake nisitake. Kanana ndiye aliyenifundisha kumtazama mtu anavyoinuka kwenye benchi kabla sijamwita jina. Alikuwa na kipimo chake kisichonunuliwa dukani: "Simama bila kushika kiti." Mtu akiinuka mikono imekunjwa kifuani, miguu yake bado ina nyama. Akisukuma benchi kwa viganja, kuna kitu kinaliwa ndani, hata kama uso umenona. Mimi nilikiona hicho kipimo ni cha kishamba kidogo. Nilikuwa nimesoma hesabu za uzito na urefu, nikazipenda kama mtu anavyopenda shati lake jipya.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya watoto na ukame. Tulizunguka Garbatulla na Merti na utepe ule wa rangi tatu wa kufunga mkononi, tukila vumbi, tukihesabu waliofika kwenye nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali. Nilijifunza kwamba utepe hauna aibu, unasema. Cha kushangaza ni kwamba ule utepe niliuona ni wa watoto tu. Mtu mzima akija, niliuweka kwenye droo nikatoa mizani.

Baadaye nikapewa kila Jumanne kwenye kliniki ya kifua, pamoja na Kanana. Watu wa pumu ni watu wagumu kwa mtu wa lishe, na nyinyi mnajua. Anayeogopa kukabwa pumzi hatembei sana. Akizidiwa anapewa vile vidonge vikali vya steroidi, ambavyo vinaokoa maisha, msinielewe vibaya, lakini vikirudiwarudiwa vinaleta njaa, vinajaza uso na tumbo, na huku nyuma vinamega misuli ya mapaja na mabega. Kisha kila jirani ana orodha yake ya vyakula vya kuacha. Mmoja anaambiwa aache ndizi, mwingine mayai, mwingine kila kitu kilichopita karibu na friji. Nilikuwa na mzee mmoja kutoka Gotu aliyekuwa ameacha vyakula kumi na vitatu na bado anavuta sigara. Nilimuuliza kwa nini sigara hajaacha. Akasema hiyo si chakula.

Sasa niwafikishe kwa Mama Hodan.

Alikuwa mmoja wa akina mama wa Kisomali wanaouza maziwa ya ngamia pale sokoni. Maziwa yanaletwa na pikapu kutoka kwenye maboma, asubuhi na mapema, kwenye mitungi ya plastiki ya lita ishirini. Kikundi chao kina sheria moja ya tangu zamani: kila mmoja anashusha mtungi wake mwenyewe na kuufikisha mezani kwake. Asiyeweza anapisha mwingine, kwa sababu meza ni chache na wanaosubiri ni wengi. Si roho mbaya. Pikapu haingoji, na maziwa hayangoji jua.

Mara ya kwanza alikuja kwangu akitoka wodini, mara ya tatu mwaka huo. Uso ulikuwa mviringo, tumbo limesimama, inhela yake ya pumu ameifunga kwenye pindo la mtandio. Nikampima uzito. Nikapiga hesabu zangu. Ulikuwa umezidi, na nikamwambia hivyo bila kuzunguka.

"Abayo," akaniambia, yaani dada, "mimi kila asubuhi nikishika kazi ya maziwa, kifua inafunga. Maziwa inanikaba."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba maziwa huleta makohozi. Lisemwalo lipo, nikajiambia, na kama halipo laja. Nikachukua kadi yake nikaandika kwa herufi kubwa: AACHE MAZIWA. APUNGUZE NYAMA NA MAFUTA. Nikapiga mstari chini, kwa rula.

Jamani, yule mama alinitii. Hapo ndipo uchungu wa hadithi hii ulipo. Wagonjwa wangu wengi walinipa heshima mlangoni na kunipuuza jikoni, na wengine nadhani wako hai kwa sababu hiyo. Huyu alifuata kila neno. Kila alipokuja mizani ilikuwa imeshuka. Kilo moja, kilo mbili, tena mbili. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Niliwaita nyinyi mje mwone, wawili wenu mnakumbuka. Nikamwambia Mama Hodan atakuwa mwalimu wa wenzake. Alitabasamu kidogo, akashika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili, akainuka.

Sista Kanana alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amebakiza miezi michache tu astaafu, na alikuwa ameanza kusema mambo kwa ufupi zaidi kuliko zamani.

"Huyu umempima nini?"

"Uzito."

"Mkono je?"

Nikafungua droo. Nikautoa ule utepe niliouona ni wa watoto, nikakunja mkono wa dira lake, lile gauni pana, mpaka begani. Sitasahau nilichokiona. Mkono ulikuwa mwembamba kama wa msichana wa shule, ngozi imelegea chini yake, na chini ya hapo, kiunoni, tumbo lilikuwa palepale lilipokuwa mwaka uliopita. Kilo zote nilizozipigia makofi zilikuwa zimetoka kwenye nyama ya mwili. Mafuta yalikuwa yamekaa kwake kama mgeni aliyeshiba.

"Mama," Kanana akamwambia, "hebu simama bila kushika kiti."

Alijaribu mara mbili. Mara ya tatu akacheka kwa haya, akasema, "Hiyo imenikataa."

Ndipo nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza: unakula nini, kuanzia unapoamka? Asubuhi strungi, ile chai isiyo na maziwa, vijiko vinne vya sukari, na anjera, ule mkate wao mwembamba. Mchana wali na viazi. Jioni strungi na anjera. Nyama? "Wewe ulisema nipunguze, nikaona afadhali niache." Maziwa? Akanitazama kana kwamba namjaribu. "Hata tone." Mtu aliyekulia kwenye maziwa, ambaye maziwa yalikuwa nyama yake na maharagwe yake, nilikuwa nimemwacha na chai ya sukari.

Kisha akatuambia kilichomleta siku hiyo. Wiki iliyopita mtungi ulikuwa umemshinda mbele ya watu. Aliuvuta mpaka ukingoni mwa pikapu, ukamteleza, ukaanguka kwa kishindo, na wenzake wakambebea. Mama Adan, mwenyekiti wao, alikuwa amemwita kando kwa upole na kumpa muda mpaka Ramadhani ianze. Mtungi ukimshinda bado, apishe. Meza ile alikuwa ameisimamia tangu mumewe alipofariki, na binti yake Hodan alikuwa mwaka wa pili chuoni, Meru.

"Mimi si kuogopa njaa," alisema. "Naogopa kukaa nyumbani nikisubiri nilishwe na mtoto. Mimi bado."

Nilimwambia arudie maziwa. Akatikisa kichwa. Akasema kuishiwa nguvu ni afadhali kuliko kukabwa pumzi, na yeye amekabwa, mimi sijawahi. Kanana ndiye aliyesema, "Akiru, nenda ukaone hiyo asubuhi yake."

Nikaenda kesho yake, jua likichomoza, na viatu vya raba. Nilimkuta uani, akiwa ameosha mitungi yake mitatu mitupu, ya kurudishwa maboma na pikapu, na kuipanga. Nikatoa daftari. Nilikuwa nimejiandaa kuona anakunywa nini, anaonja nini. Akaleta kigae cha makaa, akaweka juu yake vijiti vya ule mti wao mgumu wenye harufu tamu, na moshi ulipoanza kupanda akainamisha mdomo wa mtungi juu yake. Nyinyi mliozaliwa hapa hamshangai. Chombo cha maziwa lazima kifukizwe, ndivyo maziwa yanavyodumu safarini na ndivyo yanavyopata ile harufu ambayo mnunuzi akiikosa anauliza kama umemuuzia maji. Mimi ni Mturkana, mama yangu alifukiza vibuyu maisha yake yote, mimi nikiwa mgongoni. Nilikuwa nauona moshi ule bila kuuona.

Mama Hodan aliinama, uso juu ya mtungi, akiuzungusha, akichungulia kama ndani pameiva. Mtungi wa kwanza akakohoa. Wa pili akaanza kupumua kwa mluzi. Wa tatu akaketi chini, akafungua pindo la mtandio, akavuta inhela.

"Umeona?" akasema akipata pumzi. "Maziwa imeanza."

Nikatazama huku na huku. "Mama, maziwa yako wapi?"

"Pikapu haijafika."

Tukatazamana. Daftari lilikuwa mkononi, halina neno. Nikamwambia, "Mama Hodan, hakuna tone la maziwa hapa nyumbani, na kifua kimefunga. Si maziwa. Ni moshi. Na mimi ndiye niliyekunyima maziwa bila kukuuliza kifua kinafunga saa ngapi, ukifanya nini. Nimekosa. Nisamehe."

Aliiweka inhela chini, akaitazama mitungi yake, na mimi nikangoja kufukuzwa, maana ningekuwa mimi ningemfukuza mtu. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani amezidiwa tena, nikamrukia na inhela. Kumbe anacheka.

"Mwaka mzima," akasema, "nimekaa kando ya maziwa kama paka amefungwa kamba. Wateja wananiuliza, Mama Hodan, maziwa ni mazuri? Nawaambia ni tamu sana. Na mimi nakunywa strungi!"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Lakini nilipokuwa narudi hospitalini peke yangu nililia kidogo. Nalisema hilo pia, kwa sababu nyinyi mtakosea siku moja na mtadhani ni nyinyi peke yenu.

Hatukumwamini mtu kwa maneno, hata mimi mwenyewe. Jumanne iliyofuata Mama Hodan alipuliza kile kifaa cha kupimia nguvu ya pumzi, daktari wa kliniki akiwa karibu, kisha akanywa kikombe kizima cha maziwa ya ngamia mbele yetu. Tukangoja. Alikuwa ameshika kiti kwa vidole vyote. Baada ya saa nzima alipuliza tena, mshale wake ukafika palepale. Akatazama ule mshale, akatazama kikombe kitupu, akauliza kama kuna kingine.

Kilichobaki kilikuwa moshi, na hapo nilidhani tumekwama, kwa sababu bila moshi hakuna wateja. Nilikwenda kwa Mama Adan, mwenyekiti, nikitarajia mabishano. Alikuwa mama mkubwa wa sauti nzito. Alinisikiliza hadi mwisho akipanga vikombe vyake.

"Sheria yetu inasema kubeba," akasema. "Haisemi kufukiza. Mitungi yake nitafukiza mimi. Yeye aoshe yangu."

"Na kubeba?"

"Kubeba ni yeye. Mpaka Ramadhani, kama nilivyosema."

Basi tukaanza. Inhela ya kuzuia, asubuhi na jioni, bila kuruka, kwa sababu hakuna chakula kinachoshika nafasi ya dawa. Maziwa vikombe viwili. Yai, au ndengu, au nyirinyiri kidogo, zile nyama ndogondogo za kukaanga alizokuwa nazo kabatini tangu nilipozipiga marufuku. Sukari kwenye strungi ishuke kutoka vijiko vinne, na hapo tulipigana kweli. Tukafika kimoja na nusu, na mpaka leo hiyo nusu inaniuma. Na kila asubuhi, ainuke kwenye stuli mara kumi mikono imekunjwa kifuani. Wiki ya kwanza aliweza mara mbili. Akaanza kubeba mtungi ukiwa na maji robo, uani, halafu nusu. Majirani walidhani amehama kazi, sasa anauza maji.

Mwili haurudi kama ulivyoondoka. Kuna Jumanne mkono ulikuwa palepale na yeye akanikasirikia mimi, kwa haki kabisa. Kuna vumbi la mwezi mmoja lililomrudisha kwenye vidonge kwa siku tano, tukapoteza kidogo. Lakini mluzi wa asubuhi ulikuwa umekwisha, na anayepumua anatembea, na anayetembea anaona njaa ya kweli. Kanana alistaafu katikati ya hayo. Siku yake ya mwisho aliacha keki mezani ikiwa haijakatwa, akaenda kumtazama Mama Hodan akiinuka kwenye benchi mara nane.

Wiki ya mwisho kabla ya mwezi kuandama, Mama Hodan alikuja kupimwa. Akapanda mizani. Ilikuwa imepanda kilo mbili. Yule Akiru wa zamani angetoa rula. Nikazungusha utepe mkononi, umeongezeka. Nikazungusha utepe mrefu kiunoni, kimepungua. Nikavisoma mara mbili kwa sauti ili nijisikie mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikamkumbatia mtu kwa sababu amekuwa mzito zaidi.

"Hiyo ni karatasi," akaniambia. "Kesho njoo sokoni."

Nilifika kabla ya pikapu. Akina mama walikuwa wamesimama kwenye mstari, kanga na madira yanapepea. Pikapu ikarudi nyuma, mlango ukashushwa. Mama Adan akachukua wake kwanza. Kisha wa pili, wa tatu. Ikafika zamu ya Mama Hodan. Aliuvuta mtungi mpaka ukingoni, akapanua miguu, akasema bismillahi, akauchukua. Aliyumba hatua moja. Mmoja wa wenzake akanyoosha mkono, na Mama Adan akaushusha ule mkono polepole. Hatua kumi na sita mpaka mezani, nilizihesabu zote. Akautua mtungi bila kishindo. Akavuta pumzi ndefu, safi, hakuna mluzi ndani yake, akawageukia.

"Haya. Nani alikuwa anataka meza yangu?"

Kicheko kilichopasuka pale kiliwashtua punda. Mama Adan alimshika kichwa kwa mikono miwili akambusu kipaji cha uso, na mimi nilikuwa nalia wazi, na kalamu mfukoni.

"Sasa wewe," Mama Hodan akaniambia, akionyesha mtungi uliobaki kwenye pikapu. "Wewe wa hesabu."

Nikakunja mikono ya koti jeupe. Nikaushika. Nikavuta. Mtungi haukutoka pale ulipokuwa. Nikajaribu tena, safari hii nikiwa nimeinama vizuri kama ninavyofundisha, na wakati huo akina mama walikuwa wameshikana wasianguke. Mama Hodan alinijia, akaushika mkono wangu wa juu kwa vidole viwili, akaubonyeza, akanigeuza kuelekea mwangani kama ninavyowageuza wagonjwa. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Abayo, huyu amekwisha," akawaambia wenzake. Akamimina kikombe mpaka juu, akanikabidhi. "Viwili kila siku. Na usiniambie inakukaba."

Nikakinywa chote nikiwa nimesimama, mbele ya soko zima, na yeye akanitazama mpaka kikaisha.